Vijiti vya mkojo vya viraka kumi: mwaka na miezi minne navyo

Nyota nne. Hiyo moja niliyoinyima ntaieleza huko mbele, maana nusu yake ni kosa langu na nusu ni kosa la kile kikaratasi kinachokuja ndani ya boksi, kimeandikwa herufi ndogo utadhani hawataki mtu asome.

Niseme kwanza kwa nini nilivinunua. Miaka kadhaa nilikuwa na macho makavu, yanawasha kama yametiwa mchanga, mdomo nao mkavu hadi usiku naamka kunywa maji mara tatu mara nne, na vidole vinakaza asubuhi. Mi nikajua ni simu na uchovu. Baadae vipimo vya damu vikaonyesha ANA iko juu, yaani zile kingamwili zinazogeuka kushambulia viini vya seli zako mwenyewe, daktari akasema bado hawezi kusema ni ugonjwa upi hasa kwenye hii familia ya otoimyuni, inaweza kuwa lupasi ndo inaanza inaweza isiwe, ila kwa sasa tulinde figo. Ndo akaniambia nunua vijiti, pima mkojo wa asubuhi mara moja kwa wiki, ukiona protini inapanda njoo, usisubiri tarehe ya miadi. Ushauri mzuri kabisa na mpaka leo namshukuru. Shida ni kwamba katika maneno yote yale mimi nilibaki na moja tu: protini.

Sasa bidhaa yenyewe. Kijiti ni kipande cha plastiki chembamba kimebandikwa viraka kumi vidogo vya rangi, na kila kiraka kina kazi yake: glukosi, bilirubini, ketoni, uzito wa mkojo, damu, pH (asidi au alkali, namba ikipanda ni alkali), protini, urobilinojeni, naitraiti (alama ya bakteria) na lukositi (chembe nyeupe za damu). Unachovya kwenye mkojo, unatoa hapo hapo, unakung'uta ukingoni ili viraka visichanganyikiane maji, halafu unalinganisha na chati iliyobandikwa ubavuni mwa kopo. Hapo kwenye kusubiri ndo watu wengi wanaharibu. Glukosi inasomwa sekunde 30, damu na protini sekunde 60, lukositi dakika 2 nzima, sasa wewe ukichovya ukaenda kupiga mswaki ukarudi baada ya dakika kumi unasoma rangi ambayo haina maana yoyote. Tumia saa ya simu, wala usijiamini kuhesabu kichwani.

Teknolojia ni ya zamani kuliko nilivyodhani. Kijiti cha kwanza cha kuchovya na kusoma, cha sukari kwenye mkojo, kilitoka 1956, kazi ya mkemia Helen Free na mumewe Alfred huko Marekani. Kabla ya hapo ilikuwa kuchemsha mkojo kwenye chupa na kemikali. Kwa hiyo mnaolalamika harufu mjue wenzenu walipitia makubwa.

Kutumia ni rahisi, hilo nakubaliana na kila mtu. Ila rangi! Mwanga wa taa ya njano bafuni unakudanganya kabisa, kiraka cha protini kinaanza njano na kinapanda kwenda kijani, sasa chini ya taa ya njano kila kitu ni njano na wewe unafurahi bure. Mimi nasomea dirishani, mchana, basi. Kopo nalo lifunge saa hiyo hiyo, kule ndani kuna kitu cha kunyonya unyevu na viraka vikishika unyevu vinabadilika rangi hata kabla hujachovya. Usilitunze bafuni (najua, ndiko linakotumika, lakini usilitunze huko). Na kuna watu wanavikata katikati kwa urefu ili vidumu, mimi nilijaribu mara moja viraka vikabanduka viwili, sirudii.

Kwa hiyo ratiba yangu ilikuwa hivi: kila Jumamosi asubuhi, mkojo wa kwanza, dirishani, naandika kwenye daftari safu zote kumi maana mimi ni mtu wa daftari. Protini hasi. Protini hasi. Protini hasi. Miezi kumi na nne protini hasi, mara mbili tu ikatoka ile alama ya dalili kidogo nikakosa usingizi, wiki iliyofuata ikasafika. Nilikuwa nawaringia hadi wenzangu wenye lupasi kwenye kundi letu la wagonjwa, nawaambia mimi figo zangu chuma.

Halafu miguu ikaanza kuisha nguvu. Si kuuma, kuisha nguvu tu. Ngazi ambazo nilikuwa napanda nikiongea na simu ikabidi nishike ukuta, nikinyanyua mikono kusuka nywele inaanguka yenyewe, nikasema ni uchovu, nikasema ni mawazo, nikasema labda damu imepungua. Nikapima mkojo katikati ya wiki kwa wasiwasi, protini hasi, nikalala. Asubuhi yake nikafungua macho, akili iko sawa, naongea, naona, ila miguu haitaki kutoka kitandani, yaani naiambia nyanyuka haijibu. Walinibeba. Kule mapokezi ya dharura wa kwanza akafikiri kiharusi, wa pili akafikiri uti wa mgongo, wa tatu ndo akavuta damu na kuweka waya za moyo, majibu yakarudi potasiamu 1.9. Kawaida ni kama 3.5 hadi 5. Daktari alivyoona ile namba alitembea haraka, mi bado sijui maana yake nikamwona tu anavyotembea nikajua hapa kuna jambo. Potasiamu ikishuka vile misuli inagoma, na moyo nao ni msuli.

Nilikaa siku sita. Siku ya tatu, vidole vya miguu vimeshaanza kutii, akaja daktari wa figo. Nikamwambia kwa kujiamini dokta figo haiwezi kuwa, nina daftari. Akasema hebu. Mume wangu akalileta jioni, yule daktari akalifungua akapita na kidole si kwenye safu ya protini, akapita kwenye safu ya pH. 7. 7.5. 7. 7.5. 7.5. Kurasa zote. Akaniangalia akasema, "Dada, hizi namba uliziandika wewe mwenyewe?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi kijiti kilikuwa kinakwambia kila wiki."

Jamani. Nilitamani kitanda kinimeze.

Alivyonieleza ni hivi, na naliweka hapa kwa urefu kwa sababu hakuna maoni hata mamoja ya hivi vijiti niliyosoma yanayoligusa. Figo ina sehemu mbili kubwa za kazi. Kuna vichujio, vile vifundo vya mishipa midogo vinavyochuja damu, na kuna mirija inayopokea kile kilichochujwa na kuamua kipi kirudi mwilini kipi kitoke. Lupasi ile tunayoisikia kila siku inapiga hasa vichujio, ndo maana protini na damu vinavuja, ndo maana kila mtu anaimba protini. Ila magonjwa ya otoimyuni hayajasaini mkataba wa kupiga vichujio tu. Ugonjwa wangu ukaja kujulikana ni Sjögren (jina la daktari wa macho wa Sweden, Henrik Sjögren, aliyeuandika 1933), ule unaokausha machozi na mate, na huo ukifika kwenye figo mara nyingi unapita njia ya pembeni: chembe nyeupe za damu zinajaa katikati ya mirija na kuiharibu taratibu, vichujio vimekaa vizuri kabisa. Mirija ya mwishoni inashindwa kutupa asidi kwenye mkojo. Asidi inabaki kwenye damu, mkojo unabaki wa alkali, potasiamu inatoroka, mifupa inatoa kalsiamu kuzimua hiyo asidi, na kalsiamu ikaenda kuganda figoni, ultrasaundi yangu ilikuwa na vidoa vyeupe kama nyota.

Mkojo wa asubuhi wa mtu ambaye damu yake imejaa asidi ulitakiwa ushuke chini ya 5.5 hivi, kiraka kiwe rangi ya chungwa. Changu kilikuwa kijani kila wiki. Na mimi niliona kijani kizuri nikaandika 7.5 nikafunga daftari nikaenda zangu.

Haya kabla hujakimbia kuangalia kiraka chako ukashtuka: pH ya 7 mara moja moja si ugonjwa. Maambukizi ya bakteria fulani yanaipandisha, kula nako kunaibadilisha, na mkojo uliokaa saa kadhaa kabla ya kupimwa unapanda wenyewe, ndo maana wanasema upime ukiwa wa moto moto. Cha kuangalia ni ule wa kwanza wa asubuhi, unarudia rudia, wiki baada ya wiki haushuki, na wewe una macho makavu au uchovu wa misuli au mawe ya figo yasiyoisha. Hapo peleka daftari, waangalie damu: potasiamu, baikaboneti (inayozimua asidi), kreatinini (taka ya misuli ambayo figo inaitoa). Kijiti hakiwezi kukupa potasiamu hata ukikibembeleza vipi.

Walinifanyia biopsi, yaani kutoa kipande kidogo cha figo kwa sindano. Naulizwa sana inauma, inauma kidogo ile sindano ya ganzi, baada ya hapo unasikia mlio wa ile mashine ya sindano kama stepla, halafu unalazwa chali masaa mengi ukiulizwa mkojo wako una rangi gani. Majibu ndo yale, uvimbe kati ya mirija, vichujio safi. Kingamwili za SSA, zile zinazoonekana sana kwenye Sjögren, zikatoka chanya. Nikaanzishiwa prednisoloni (steroidi ya kutuliza kinga) na dawa ya potasiamu sitreti, ile ya pili ladha yake sitaieleza.

Nilivyotoka ndo nikawa na kiu ya kujua hivi vijiti vinaona nini na havioni nini, maana nilijisikia kama mtu aliyeweka mlinzi getini halafu mwizi akapita dirishani, na mlinzi alimwona akapiga kelele ila mimi lugha yake siielewi. Niliyokusanya, mengine kwa madaktari mengine kwa wenzangu kundini, nayaweka kama nilivyoyaelewa.

Kiraka cha protini, jina linadanganya. Kinachoona hasa ni albumini, protini kubwa ya damu inayovuja vichujio vikiharibika. Protini ndogo ndogo zinazovuja mirija ikiharibika, kama ile beta-2 maikroglobulini, kiraka kinazipita kama hakijaziona. Kwa hiyo mgonjwa wa mirija anaweza kuwa na protini kwenye mkojo na kijiti kikaapa hana. Hili peke yake lingeandikwa kwa herufi kubwa kwenye kile kikaratasi ningetoa nyota tano.

Halafu kinapima ukali wa mkojo wa saa ile, hakipimi jumla ya siku. Alama ya + moja ni kama miligramu 30 kwa desilita. Fanya hesabu nami: mtu anakojoa lita 3 kwa siku (na sisi wa Sjögren mirija ikigoma kukaza mkojo lita 3 ni kawaida tu), mkojo wake una miligramu 20 za protini kwa desilita, yaani 200 kwa lita, kijiti kitaonyesha dalili kidogo au hakitaonyesha kitu. Lakini lita 3 mara miligramu 200 ni miligramu 600 kwa siku, na kwa mwenye lupasi madaktari wakiona zaidi ya 500 wanaanza kuongelea biopsi. Umeona. Kinyume chake mtu hajanywa maji siku nzima mkojo umekuwa kama chai, kijiti kinapiga + na hakuna ugonjwa. Ndo maana kiraka cha uzito wa mkojo kisomwe pamoja na cha protini, protini hasi kwenye mkojo wa 1.005, yaani mwepesi karibu kama maji, mimi siihesabu tena kama hasi, naandika alama ya kuuliza. Na mkojo wa alkali sana, pH 8 kwenda juu, unaweza kupiga protini ya uongo. Kwa kipimo cha kweli nenda maabara upimiwe uwiano wa protini na kreatinini, kikombe kimoja tu cha mkojo, si lazima lile dumu la masaa 24.

Sasa kuna mahali hivi vijiti ni dhahabu, nisije nikaonekana naviponda. Kuna dada kundini ana lupasi, siku nne tu uso umevimba miguu imevimba, kijiti kikapiga ++++ rangi ya kijani kibichi hata kwa taa ya njano ungeiona. Alikwenda siku hiyo hiyo. Biopsi ikaonyesha kitu ambacho hata wanafunzi wa udaktari walikuja kukiangalia: si yale madaraja sita ya lupasi ya figo yaliyopangwa upya 2003, bali seli za nje za kichujio, zile zenye vidole, ndo zilikuwa zimelala, vichujio kwa hadubini ya kawaida vinaonekana karibu vizima. Ni nadra, inakuja ghafla vile, na wengi inaitikia steroidi vizuri. Yeye protini ilikata ndani ya wiki chache. Kijiti ndo kilimwambia inakata.

Damu pia. Kiraka cha damu ni kikali sana, kinaona hata damu ambayo jicho halioni, na kwenye vaskulaitisi ya ANCA (kingamwili zinazofanya mishipa midogo ya damu ivimbe) hiyo inaweza kuwa ndo dalili ya kwanza ya figo wakati mtu anatibiwa sainasi miezi. Ila kina vituko vyake. Kinasoma himoglobini, na kinasoma pia maiyoglobini ya misuli iliyoumia kikidhani ni damu. Hedhi nayo, usipime siku hizo. Na vitamini C nyingi inakizima, hasi ya uongo, kuna kaka alikuwa anakunywa vile vidonge vya kuchemka kila asubuhi kwa ajili ya mafua akashangaa maabara wanaona chembe nyekundu kwa hadubini na yeye nyumbani anaona njano safi. Kijiti pia hakijui damu imetoka wapi, kibofu au kichujio, hadubini ndo inaona zile chembe zilizopinda umbo kwa kupita kwenye kichujio kilichochanika.

Kiraka cha lukositi nakipa heshima ambayo hakipewi. Daftari langu miezi ya mwanzo lina lukositi + na naitraiti hasi, mara nyingi tu. Nilipewa antibayotiki mara tatu kwa hilo, kila mkojo ukioteshwa bakteria hawapo, wanasema maambukizi madogo. Kumbe zilikuwa zile chembe nyeupe za kwenye mirija zinamwagika. Chembe nyeupe bila bakteria kwa mtu mwenye ANA juu, uliza mara mbili. Kuna hata ugonjwa mwingine wa hivyo unaopiga mirija ya figo na macho kwa pamoja, zaidi vijana, jicho linakuwa jekundu linaumizwa na mwanga, mtu anapewa matone ya macho na hakuna anayefikiri figo, na mara nyingine figo zinaanza jicho linafuata miezi baadae.

Na glukosi, ambayo wote tunadhani ni ya wenye kisukari. Mirija ya mwanzo ikiharibika sukari inapita kwenye mkojo na ya kwenye damu ni nzuri kabisa. Kwa hiyo glukosi chanya huku sukari ya damu ya kidoleni ni 5, si lazima kijiti kimeharibika. Isipokuwa kama unakunywa zile dawa za kundi la gliflozini, siku hizi wanapewa hata wagonjwa wa figo wasio na kisukari, hizo kazi yake ndo kutoa sukari kwa mkojo, kiraka kitakuwa kahawia kila siku usiogope.

Ambapo kijiti hakina msaada wowote. Skleroderma, ule ugonjwa wa otoimyuni unaokaza ngozi: figo inaweza kuzima ndani ya siku kwa presha kupanda ghafla, mkojo hauna cha maana, huko kifaa chako ni mashine ya presha na si kijiti, na kama uko kwenye prednisoloni ya miligramu 15 kwa siku kwenda juu ndo uipime zaidi maana inaongeza hatari. Wachache presha haipandi hata. Ugonjwa wa IgG4, ule unaotengeneza uvimbe hadi watu wanaambiwa kansa ya figo, au unakaza nyuma ya tumbo na kubana mirija inayoshusha mkojo, kijiti kinaweza kusema shwari na picha ndo ikaonyesha. Damu kuganda kwenye vimishipa vya figo kwa wale wenye kingamwili za fosfolipidi, protini inaweza kuwa kidogo tu na presha ndo inapiga kelele. Na lupasi yenyewe kuna ile ya kimya, mkojo msafi, kreatinini nzuri, na biopsi inakuta kichujio tayari kina moto. Nimesikia hata ya kibofu, lupasi inavimbisha kibofu na mirija yake pamoja na utumbo kugoma, mgonjwa anatapika na anaharisha wiki kadhaa anatibiwa tumbo, hiyo ni nadra lakini ipo.

Kreatinini nayo msiiabudu, inaweza kukaa kwenye mstari mpaka karibu nusu ya kazi ya figo imeondoka. Naongea hili kwa sababu kuna mtu aliniandikia eti vijiti vya nini mimi napima kreatinini mara moja kwa mwaka. Sawa.

Kwa nani nanunulisha? Mwenye lupasi, vaskulaitisi, Sjögren, au ANA juu bila jina bado, nunua, bila kupepesa macho. Viraka kumi, si vile vya viwili vitatu, vya viwili visingenisaidia chochote maana pH haimo. Angalia tarehe ya kuisha na andika kwenye kopo siku uliyofungua. Kama ni mtu wa wasiwasi unayepima mara nne kwa siku, usinunue, nasema kwa upendo, dalili kidogo za protini baada ya kukimbia au ukiwa na homa zinakuja na kuondoka na utajiua kwa mawazo. Na kama hujawahi kuonana na daktari usitumie hivi kama mbadala.

Malalamiko yangu kwa watengenezaji ni mawili tu. Chati iliyobandikwa kwenye kopo inafutika, mkono wenye maji mara ishirini na ile rangi ya kati ya dalili na + haionekani tena, wekeni chati ya akiba ndani. Na kile kikaratasi, andikeni waziwazi kwamba kiraka cha protini ni cha albumini na kwamba hasi haimaanishi figo nzima. Mtu akishafungua kopo anaenda moja kwa moja kwenye kiraka alichoambiwa na daktari, kama mimi, hasomi kingine.

Cha kuchekesha ni kwamba sasa hivi kile kiraka cha pH ambacho kingeniokoa hakinisaidii tena. Dawa ya sitreti yenyewe inafanya mkojo uwe wa alkali, kwa hiyo ni kijani kila wiki na kitaendelea kuwa kijani, daktari kasema usikiangalie, njoo damu kila mwezi. Potasiamu ya mwisho ilikuwa 4.1. Bado naandika pH lakini, safu ipo na siwezi kuiacha wazi. Ninachokodolea macho siku hizi ni lukositi, imesafika tangu mwezi wa pili wa prednisoloni, na kopo la tatu limebaki na vijiti vinne, wiki hii naagiza lingine.